Mrija wa Kiprugut

Siku hizi wazee wa Njoro hunywa kila mtu chupa yake, macho kwenye simu; mwaka wa 1956 wanaume wa rika moja walizunguka chungu kimoja cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu, na asiyefika aliulizwa yuko wapi.

Kiprugut, mkamuaji ng'ombe katika shamba la mzungu, hakufika kwa miezi miwili. Alikuwa amepasuliwa Nakuru kwa saratani ya tezi dume. Alirudi na mpira wa mkojo. Ulipotolewa, akabaki akivuja, na mkewe Jerop akawa anafua vitambaa mbali na macho ya majirani. Kiprugut alitaka kitu kimoja tu: kurudi kwenye chungu.

Daktari alimpa vidonge. "Mzee, umeze kila siku, na kila mwezi uje nikuone. Ukiacha, ugonjwa utaamka."

Akameza. Mwezi wa tatu tangu apasuliwe, mkojo uliacha kuvuja, akaenda kwenye chungu. Wenzake wakamsogezea kigoda. Jua lilikuwa kali, akateremsha blanketi. Matiti yalikuwa yamevimba, kazi ya vile vidonge. Kipsang, ambaye ndiye aliyembeba mgongoni hadi barabarani siku ya kwenda hospitali, akayaona.

"Kiprugut! Umezaa lini? Lete mtoto tumwone!"

Wakacheka hadi mirija ikawatoka midomoni. Kiprugut naye akacheka. Mtu hakukasirikia mzaha wa rika lake.

Alipofika nyumbani akavitupa vidonge chooni.

"Baba Chemutai, na daktari?" Jerop akauliza.

"Daktari hanywi na mimi."

Hakurudi Nakuru. Matiti yakanywea, akaketi na wenzake msimu mzima wa mavuno ya ngano, kifua wazi. Kisha mgongo ukaanza kuuma, miguu ikakataa. Jerop alipomfikisha kwa daktari, daktari alimbonyeza mifupa, akamwambia Jerop amrudishe nyumbani.

Wenzake wakaleta chungu kando ya kitanda. Siku hizi wangetuma ujumbe wa simu. Kipsang akamtilia mrija mdomoni.

"Vuta, ndugu yangu. Ulikuwa umepona kabisa. Nini kimekurudisha chini?"

Kiprugut akamtazama. Angeweza kusema. Akavuta kidogo, pombe ikamwagikia shavuni, Kipsang akaipangusa kwa kiganja.

Wakaondoka jua likishuka, mrija wake wakiwa wameuegemeza ukutani. Hakuwaona tena.