Makasia Manne

Anayewajibika ni katibu wa mwalo wetu, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga upande wa Butimba. Nalisema hilo mwanzoni ili mtu asidhani naleta hadithi ya kupitishia muda. Nilitunza majalada ya serikali hadi nilipostaafu, na sina mazoea ya kuandika jambo lisilotokea.

Asubuhi hiyo ziwa lilikuwa limetulia. Nilikaa mwambani na fimbo yangu mpya ya kuvulia, nene, yenye ncha laini, na mshipi wa nailoni. Kwa muda wa saa nzima chambo kililiwa nami sikuhisi lolote. Hatua chache kutoka nilipokaa alikuwapo mwanamume wa makamo, ambaye sikumwona akifika. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia, akavitazama vifaa vyangu kwa huruma.

"Mzee, hiyo ni fimbo ya kupigia picha," alisema. "Na mshipi huo unavutika kama mpira. Samaki akigusa kule chini, unarefuka tu. Kinachobaki kinamezwa na hiyo ncha laini. Mkononi kitakufikia nini?"

Nikamjibu kwamba muuza duka alinihakikishia ubora wake. Akacheka, akasema muuza duka havui. Kisha akanipa ufito wake wa mwanzi, mwembamba, mkavu, mgumu hadi nchani, wenye uzi wa kusokotwa usiovutika, akaniagiza nikaze uzi.

Niamini, nililihisi ziwa hadi sakafuni. Nilihisi chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoana, ikiburuzika kwenye changarawe, kisha kwenye mchanga. Nilihisi sato akionja chambo na kukiacha. Halafu kitu kikagonga taratibu mara tatu, kikanyamaza, kikarudia. Samaki gani hubisha hodi?

"Huyo si samaki, mzee. Ni mimi."

Alinieleza bila haraka. Alikuwa mvuvi wa dagaa kutoka Nansio, kisiwani. Walikuwa wanne mtumbwini, wakirudi alfajiri, alipoteleza akazama karibu na mwamba huo. Wenzake wakaogopa, wakanyamaza. Pale mwaloni majina huandikwa wakati wa kuondoka. Wakati wa kurudi katibu huhesabu makasia, kwa kuwa kila mvuvi huenda na lake. Makasia manne yalirudi, lake likiwa limebaki mtumbwini, na katibu akaandika kwamba wote wamerudi. Nani angemtafuta mtu aliyerudi? Mama yake aliambiwa ametorokea machimboni Geita, na tangu hapo hataki jina la mwanawe litajwe nyumbani.

"Kitabuni nilifika salama," alisema. "Wewe umefanya kazi ya vitabu. Nisaidie."

Akanitajia jina lake kamili. Nilipogeuka, mwamba ulikuwa mtupu, na pale alipoketi palikuwa pamelowa.

Siku hiyohiyo nilimwendea katibu. Jina lilikuwamo kitabuni, na mbele yake neno "amerudi". Alinijibu kwamba ukurasa huo umeshafungwa, na kwamba mzee aliyestaafu hupumzika.

Ufito ninao hadi leo. Nikifunga uzi msumarini barazani na kuukaza, vidole vyangu huhisi kugonga kulekule, mara tatu. Nawe unayekwenda kuvua, ukirudi, taja jina lako kwa mdomo wako mwenyewe. Usiache kasia likuitikie.

Kwa maandishi haya, namtaka katibu alikate neno "amerudi", atie saini kwenye marekebisho, na aite wazamiaji chini ya mwamba ule. Kisha avuke yeye mwenyewe hadi Nansio, akamweleze yule mama ni kitu gani alichokihesabu.