Bangili ya Chepngeno

Wifi yangu Chepngeno alipoanza kuvimba, watu walimsifu. Ilikuwa mwaka wa 1954, katika shamba la mzungu kule Njoro, na mwanamke akinenepa ilisemwa mumewe anamtunza. Kaka yangu Kimaiyo, mkamuaji wa ng'ombe, akawa anatembea kifua mbele. Mimi nilikasirika. Walikuwa na macho ya kazi gani, kama hawakuona kwamba huyo aliyenona hawezi kufika mtoni bila kuketi njiani?

Shingoni alikuwa na uvimbe wa rovu tangu usichana wake, nasi tulikuwa tumeuzoea. Sasa moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi, na miguu ikajaa, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Kisha mkono wa kushoto nao ukavimba kuliko viungo vyote. Tulipanda lori la maziwa hadi Nakuru. Daktari akasema tezi ya shingo imeharibika na moyo umechoka.

"Miguu labda ni moyo," alisema. "Lakini huu mkono, mama, sijui kwa nini umevimba." Akatazama bangili ya shaba iliyozama katika nyama. "Hii ikatwe, ama mkono utaoza."

Kwetu bangili ya ndoa huvuliwa siku moja tu, siku mume anapozikwa.

"Daktari, bwana yangu ako hai," Chepngeno akamjibu. "Leo asubuhi amekunywa chai."

Akarudi nayo nyumbani. Vidole vikaanza kuwa vyeusi. Nilimfokea, sikujali kwamba ni mgonjwa.

"Unataka kufa juu ya kipande cha shaba?"

"Nataka kufa nikiwa na bwana, Jerop."

Kimaiyo alipoviona vile vidole, alikwenda kwa Masinde, fundi wa majembe ya trekta, akaazima msumeno wa kukatia chuma.

"Nilikuvisha mimi," akamwambia mkewe. "Nikiikata mimi mwenyewe, si kwamba nimekufa."

Chepngeno akageukia ukuta. Bangili ilipoanguka, alipiga ukemi, ule wa wajane hasa, na majirani wakaja mbio wakiuliza nani amefariki. Kimaiyo alikuwa amesimama katikati ya nyumba na msumeno mkononi.

"Ni mimi," akasema.

Watu walicheka hadi machozi. Chepngeno hakucheka.

Mkono ulipona, lakini hofu haikumtoka, na moyo ulizidi kudhoofika. Akawa analala ameketi, maana akijinyoosha pumzi zinakatika. Kimaiyo akichelewa kidogo tu zizini, ananituma: "Wifi, nenda uone kama ako hai." Nilipanda nikinung'unika kilima kizima hadi zizini. Kaka yangu alikuwa akiniona kwa mbali anapaza sauti kabla sijafungua mdomo, kisha narudi kumpa mgonjwa habari, naye anashika ule mkono mtupu na kutulia. Huruma niliyomwonea siku hizo sikumwambia. Nilijua tu kugomba.

Mvua za masika zilipoanza, siku moja Kimaiyo alichelewa kwa sababu ng'ombe alikuwa akizaa. Chepngeno hakunituma. Nilimwita, nikamgusa, nikamlaza chini, sasa angeweza kulala. Kisha nikakipanda kile kilima.

Kaka yangu aliniona kwa mbali, mikono yake imejaa damu ya uzazi. Akacheka.

"Mwambie bado niko hai!"