Kuku Hakumtaja Mtu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ilikuwa Jumamosi, mwalimu wangu hayupo, nami nimekaa kwenye kiti chake. Nianzie hapo, maana umekuja kuniomba nikufundishe uganga, na umekuja na haraka zako za machimboni. Unasema umechoka kuwapikia wachimbaji wali maharage kule upande wa Buseresere, unaota ndoto za wazee waliokufa, na wenzako wamekwambia mganga halali njaa penye dhahabu. Umeshachagua hata rangi ya bango! Nimecheka, usinikasirikie. Sasa tulia unisikilize, kwa sababu ninachokupa leo ndilo somo la kwanza, na mimi mwenyewe nililipata nimechelewa.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilikuwa nimekaa mwaka mmoja na kitu kwa Bibi Nshoma, mfumu aliyejulikana Tinde yote na vijiji vyake. Mfumu ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mganga. Katika mwaka huo nilifundishwa kuchimba mizizi, kuikausha, kufagia uwanja na kunyamaza. Kunyamaza nilikuchukia. Ramli ya kuku nilikuwa naitazama tu. Mwenye shida analeta kuku mdogo, anamtemea mate kidogo mdomoni, anamnong'oneza shida yake, halafu mganga anampasua na kusoma madoa kwenye mbavu na mabawa. Bibi Nshoma alikuwa anamgeuza yule kuku mpaka wateja wanaanza kukohoa, na mara nyingi mwisho wake alisema, "Sioni kitu. Mpelekeni mtoto hospitali." Nami pale pembeni nilikuwa namwonea aibu.

Jumamosi hiyo alikuwa amekwenda msibani Nyahanga. Akaja Masanja, mkulima wa pamba wa kijiji cha pili, pamoja na mkewe. Walikuwa wamezika mtoto wao wa miaka miwili wiki hiyo hiyo, na mama wa mtoto alikuwa anatembea kwa kushikwa mkono. Walikuja na kuku, wakitaka kujua ni nani aliyemroga mtoto wao. Nilitakiwa niseme mwenye nyumba hayupo, rudini wiki ijayo. Maneno mafupi tu. Lakini Masanja, mtu mzima mwenye ng'ombe zake, aliniinamia akasema, "Mayu, tusaidie." Mayu ni mama. Mimi msichana wa kufagia uwanja, nimeitwa mama na mtu mwenye ng'ombe! Kichwa kikavimba, nikakaa kwenye kiti, nikaomba kisu.

Nakwambia ukweli ambao niliuficha kwa miaka mingi: kwenye yule kuku sikuona chochote. Niliona nyama ya kuku. Kulikuwa na doa jeusi karibu na bawa la kushoto, na maana yake sikuijua, kama wewe usivyoijua sasa. Nikaanza kumgeuza nilivyozoea kumwona Bibi akifanya. Masanja akashindwa kuvumilia.

"Ni mwanamke?" akauliza.

"Ni mwanamke," nikasema.

"Mtu mzima?"

"Mtu mzima."

"Anakaa upande wa magharibi, humo humo kwenye kaya yetu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Umeona, mwanangu? Kila jibu alikuja nalo mtu mwenye uchungu, mimi nikawa naliokota na kumrudishia. Mkewe akapiga yowe. Waliyekuwa wanamfikiria ni Mama Kabula, mjane wa kaka yake Masanja, aliyekuwa na nyumba yake upande huo wa magharibi. Kosa lake lilikuwa uzee, upweke na macho mekundu. Na wekundu ule ulikuwa wa moshi. Kwetu miti imekwisha siku nyingi, wanawake wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na ukipika hivyo miaka arobaini macho hayawezi kubaki meupe. Jina lake mimi sikulitaja. Kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo.

Ningependa kukwambia kosa langu liliishia hapo, lakini lililo kubwa lilikuwa linakuja. Jumatatu asubuhi alifika Mama Kabula mwenyewe. Alitembea kwa miguu, kuku wake kwapani, na Bibi Nshoma alikuwa bado hajarudi. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri kabisa, kama aliyekuja kuazima jembe. Akakaa chini akanyoosha miguu.

"Mwanangu, wanasema wewe ndiye uliyeniona kwenye kuku," akasema. "Shemeji yangu hanisalimii tangu juzi. Watoto wamekatazwa kuja kwangu. Kuku wangu huyu hapa. Niangalie na mimi, halafu uende ukawaambie ulichokiona."

Hakunitukana. Hakupandisha hata sauti. Ningeweza kumwambia, mama, nilidanganya, kusoma kuku sijui, twende pamoja nikawaambie. Kijiji chao kilikuwa mwendo wa saa moja tu. Lakini nilijua nikisema hivyo nitachekwa, Bibi atanifukuza, nitarudi kwetu kulima dengu. Ndicho nilichokiogopa, mwanangu. Dengu. Nikamwambia, "Subiri mwenye nyumba arudi, mama. Mimi siruhusiwi." Kwa Masanja niliruhusiwa, kwake yeye sikuruhusiwa. Alinitazama kidogo, akauliza mwenye nyumba anarudi lini, nikasema Alhamisi. Akanishukuru. Kuku akaniachia, akaniomba nimlishe mpaka siku hiyo.

Jumatano asubuhi walimkuta kwenye shamba lake la karanga, amekatwa panga. Polisi walikuja, wakauliza, wakaondoka. Kijiji kizima kilisema hakikuona mtu.

Bibi Nshoma aliporudi alimkuta kuku wa watu amefungwa kamba uani, akauliza ni wa nani. Nikamweleza yote nikiwa nimepiga magoti. Nilitamani anipige, na hakunipiga. Alinishika mkono tukatembea mpaka msibani, ambako hawakufika hata watu kumi, maana watu wanaogopa kumlilia aliyeitwa mchawi. Akaniketisha karibu na Kabula, binti wa marehemu, akaninong'oneza sikioni: "Kwenye kiti changu ulikaa bila kuitwa. Sasa nakuita mimi, kaa hapa. Mtu akiuliza nani alimsema mama huyu, anakuuliza wewe."

Hakuna aliyeuliza. Nilikaa siku nne, nikachota maji, nikapika uji, na Kabula akanishukuru kwa kumsaidia. Kila aliponishukuru nilitaka kusema, na kila mara ulimi ulikuwa mzito. Mpaka nikaondoka.

Nikamaliza kujifunza, nikawa mganga, watu wakaniheshimu. Miaka thelathini na zaidi. Mwaka juzi niliugua nikadhani safari imefika, na nilipopata nafuu nilimtafuta Kabula. Ana wajukuu sasa, kama mimi. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo, nikamweleza kila kitu, tangu kile kiti mpaka dengu. Hakuacha kuchambua mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Ungesema Jumatatu ile." Akanipa maji ya kunywa, nami nikayashika tu mkononi, nikalia kama mtoto.

Sasa, ukitaka bado kufundishwa, nitakufundisha. Mizizi nitakuonyesha, na dawa ya tumbo la watoto ninayo nzuri. Lakini jua mapema watakaokuja kwako huko machimboni. Watakuja waliofukiwa ndugu zao kwenye duara, yale mashimo ya dhahabu, watakuja waliochimba miezi sita wakaambulia mawe, na wote watataka uwape mtu wa kumchukia. Watakuja na jina lake tayari, wanataka uitikie kwa kichwa tu. Usiitikie. Sema sijui kabla hujashika kisu, hata kama bango lako limesema unajua yote. Na ulimi ukikuponyoka, usikae kusubiri mwenye nyumba. Vaa kandambili uwafuate siku hiyo hiyo, uwaambie nilidanganya, wakikupiga wakupige. Aibu hiyo nimeikimbia maisha yangu yote, na nakuapia ilikuwa ndogo sana.

Mungu akulinde, mwanangu, na wazee unaowaota wakulinde. Wakupe mikono ya kuponya na mdomo usio na haraka. Uzae, uzeeke, uheshimiwe na watoto wa watu. Na siku mama wa mtu akikujia kwa miguu, akakuomba ukamsemee kwao, Mungu akupe nguvu ya kuinuka uende naye.