Soya Mbichi

Baba alipofariki, nilimchukua mama kutoka kijijini Idodi nikaja naye kwangu Iyunga, Mbeya. Alinionya siku ya kwanza kwamba kula na kulala tu hawezi, lazima apewe kazi. Nilikuwa nafuga kuku wa mayai. Dagaa wa kuwalisha waliouzwa soko la Mwanjelwa siku hizo walikuwa nusu mchanga, kwa hiyo nilikuwa nimehamia kwenye soya, na kuikaanga ikawa kazi ya mama.

Aliikaanga kwenye karai, moto mdogo, kila mara akiokota punje moja na kuitafuna. Mpaka punje imridhishe, asubuhi imekwisha. Mimi sina subira, sifichi. Moshi uliniudhi, na ule utafunaji wake ndio kabisa. Kisha kwenye kundi la wafugaji la simu mtu akaandika kwamba moto unaua protini. Nilifurahi mno. Nikamwambia mama aachane na karai, akae aangalie televisheni. Hakubisha.

Nikaanza kupeleka soya mbichi mashineni, inasagwa pamoja na mahindi na pumba. Baada ya wiki chache kuku wakawa wanaharisha, mayai yakawa madogo, kisha yakaadimika. Nililaumu baridi ya Mbeya, nikawalaumu walioniuzia vifaranga, nikawanywesha dawa hii na ile. Mama alikaa kibarazani, mikono mapajani. Nilimpita mara kumi kwa siku bila kumuuliza kitu.

Bwana mifugo alipokuja, aliuliza nani anakaanga soya. Akanieleza kwamba ikiwa mbichi inamzuia kuku kusaga chakula tumboni, hata ale vipi. Nilimgeukia mama. Niliona aibu, na aibu yenyewe ikatoka kwa ukali.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ungenisikia, mwanangu?"

Wiki ile ile alimwita kaka yangu aje kumchukua, akarudi Idodi.

Sasa nakaanga mwenyewe, na kuku wanataga tena, si haba. Jumapili iliyopita nilimpigia simu. Nikamwambia soya yangu inaungua nje, ndani inabaki mbichi, nikamwomba arudi anifundishe. Nilisikia majirani wakimwita aonje soya yao, na kuku wao wakilia karibu naye.

"Siwezi, mwanangu," akasema. "Huku nina kazi."