Siku Tuliyobishana Kama Mwanga Unachoka

Miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda Mbinga na magari yao, nami nilikuwa kidato cha nne katika shule ya wasichana. Rafiki yangu wa Lituhi, binti mwenye sauti ya kuita mtumbwi urudi ufukweni, ndiye aliyeanzisha ubishi. Kitabu chetu cha fizikia kilikuwa na jedwali la kasi ya mwanga, jinsi watu walivyoipima tangu zamani. Akaona vipimo vingi vya zamani ni vikubwa kuliko vya karibuni.

"Sista," akasema akiwa amesimama, "mwanga unachoka!"

Darasa zima likaangua kicheko. Sista, mwalimu wetu, hakucheka.

"Labda. Twendeni tukaone."

Akatupeleka kwenye chanja ya kuanikia kahawa ya shule, iliyokuwa tupu. Tukavuta uzi juu yake toka upande huu hadi ule: hiyo ndiyo kasi inayokubalika leo. Kisha tukakata kijiti kwa kila kipimo, kirefu kwa mpimaji aliyekiri kwamba huenda amekosea sana, kifupi kwa aliyekuwa na uhakika. Kila kijiti tulikilaza kwa kukingama na uzi, katikati yake ikiwa pale jibu la mpimaji lilipoangukia, karibu au mbali na uzi. Cha kwanza kilikuwa kirefu kama mpini wa jembe. Kwa cha mwisho tulitumia njiti ya kiberiti.

Rafiki yangu akainama, akatazama.

"Karibu vyote vinagusa uzi."

"Kwa hiyo?" Sista akauliza.

"Kwa hiyo hatuwezi kusema mwanga umechoka. Watu ndio wamejifunza kupima." Akaonyesha kijiti kifupi kilicholala mbali na uzi. "Na huyu je?"

"Huyo alijiamini mno," Sista akasema, na hapo ndipo alipocheka, mpaka akashika chanja asianguke.

Sijawahi kuona mtu akishangilia kushindwa namna ile. Rafiki yangu alipiga vigelegele, akanivuta mkono, tukacheza kuizunguka chanja hadi sketi zikajaa vumbi jekundu.

Likizo nilienda naye kwao Lituhi, kando ya ziwa. Tukila ugali kwa usipa, wale dagaa wa ziwani, akamsimulia mama yake yote.

Mama akanigeukia. "Na hao waliokosea, walichekwa?"

"Nadhani kidogo, mama."

"Wakaendelea kupima?"

"Wakaendelea."

"Haya, kuleni, wanangu," akasema, akatuongezea usipa.