Kamba Nyekundu ya Mashine

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipokaribia kufa kwa sababu ya adabu. Usicheke. Tangu uliponiambia umenunua mtumbwi wa mashine wa kuvushia abiria, siku hiyo hainitoki kichwani.

Nilikuwa kijana, nina miezi michache tu kwenye ndoa. Mama mkwe alikuwa amekuja kisiwani kwetu kumjulia hali mke wangu, na sasa nilitakiwa kumvusha hadi Mwanza, akapande basi stendi ya Buzuruga arudi kwake Magu. Mimi na yeye, peke yetu! Unajua kwetu mkwe ni mkwe: humtazami usoni, humpi kitu mkononi, hukai naye karibu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama," huku nikiangalia vidole vyangu vya miguu. Jaketi la uokozi nikaliweka kwenye ubao, nikasogea pembeni. Nani angethubutu kumfunga mkwe mikanda? Yeye hakujua linavaliwaje, akalikalia.

Mashine ile ilikuwa na kamba fupi nyekundu, ncha yake moja imechomekwa kwenye swichi ya kuzimia. Fundi alinielekeza niivae mkononi, ili nikidondoka ichomoke na mashine izime. Lakini nikiivaa ningelazimika kukaa nimemwelekea mkwe, magoti kwa magoti. Sikuivaa; nikaifunga kwenye mpini wa kuongozea, nikapanda kukaa ukingoni nimempa mgongo. Bwege mimi! Nikajiona kijana mwenye malezi.

Tulipofika katikati, mawimbi ya meli iliyopita yakatupiga ubavuni, nikajikuta majini. Mashine haikuzima. Mpini ukageuka wenyewe, mtumbwi ukaanza kuzunguka, pangaboi la mashine likikata maji kuja upande wangu, na mama wa watu yumo ndani, hajui kuogelea, amekumbatia ubao. Niliogopa, mwanangu, sikufichi.

"Mama, kamba nyekundu!" nikapiga kelele. "Vuta!"

Akatambaa mpaka nyuma, akaivuta kwa nguvu zake zote. Mashine ikanyamaza, nami nikaogelea hadi ubavuni mwa mtumbwi. Kisha mama huyo, ambaye sikuwa nimewahi kumgusa hata kidole, akanishika kwapani akaniburuta ndani kama gunia la mpunga.

Nikainamisha kichwa kama kawaida. Akanishika kidevu, akakiinua.

"Nitazame, baba. Mwanangu ningemwambia nini? Kwamba mumewe amekufa akiniheshimu?"

Nililia mbele ya mkwe wangu. Akaniacha nimalize, halafu akanyoosha mikono. "Haya, nivalishe hili dude." Nikamfunga mikanda, naye akanifunga kamba mkononi.

Basi sikia. Usiwashe mashine kabla kamba haijakaa mkononi mwako. Ukiendesha, kaa chini, tena ndani, si ukingoni. Kila abiria avae jaketi, na mikanda uikague wewe mwenyewe, awe askofu, awe mkweo. Halafu waonyeshe wote jinsi ya kuzima mashine kabla hamjaondoka, maana siku ukidondoka wewe, wao ndio watabaki na mtumbwi. Ukiona haya, sema mzee wako ndiye kakutuma. Heshima ya abiria ni kumfikisha salama, na huko ng'ambo ya pili mtasalimiana mpaka mchoke.

Mungu akulinde ziwani, mwanangu. Akupe abiria wema, akupe na subira ya kuwafunga mikanda. Na kila unapotoka kazini, mkeo akusikie ukipiga hodi.