Usimupe Mutoto Muntu Asiyepuliza Moto

Anayetaka kucheka, acheke sasa amalize. Mimi masomo niliacha mapema, lakini uongo sikufundishwa, na kwa hii umri yangu nitadanganya nipate nini? Hii habari ilinipata mimi mwenyewe, hapa Kindu. Nyingine niliiona kwa macho. Nyingine niliionja kwa ulimi, na utaelewa.

Kwetu kuna desturi ya zamani. Muntu akikuja usiku mulangoni, akasema lete mutoto nikusaidie kumulalisha, humupi mutoto. Kwanza unamupa kaa la moto. Apulize, liwake, uone sura yake. Muntu aliye hai anapuliza. Asiye na pumzi atapuliza na nini? Wasichana wa leo wanacheka. Mukamwana wangu Feza alikuwa anacheka kuwapita wote.

Wakati wa vita tulivuka Lualaba kwa mitumbwi, tukajificha porini, nyuma ya mashamba ya muhogo. Wantu wa bunduki walikuwa wanazunguka. Nilikuwa na kitinda mimba wangu, Ramazani, hajaanza kutembea. Meno yalikuwa yanamuota, analia usiku muzima. Moto ulikatazwa, maana ungetuonyesha. Tulikaa gizani, na wanaume wa kundi tulilolikuta pale wananinong'oneza.

"Mama, funga huyo mutoto kinywa."

"Nifunge na nini?"

"Na kitambaa. Na mukono. Unataka tufe wote juu ya mumoja?"

"Njoo umufunge wewe, kama wewe ni mwanaume. Njoo nikuone."

Hakuna aliyekuja. Mbele ya bunduki walikuwa mbio, mbele ya mama mwenye mutoto wakawa simba. Ile hasira ninayo mpaka leo, wala sitafuti dawa yake.

Basi usiku mumoja akakuja mwanamuke. Kumuona sikumuona. Nilisikia nguo imelowa inakokota majani, akaketi karibu yangu. Akasema pole pole, "Dada, lete, nikusaidie. Wangu alikuwa analia hivi hivi. Nilimulalisha, hajaamuka tena."

Ningemupa moto gani, na moto ulikatazwa? Nilikaza mutoto kifuani. Lakini yule hakungoja kupewa. Akaanza kuimba, "Lala, lala, wasitusikie," na sauti ya Ramazani ikakatika hapo hapo, kama taa uliyoizima. Mule gizani nikasikia mwanaume anasema, "Mungu asifiwe, amelala."

Amelala! Nilipapasa uso wa mutoto wangu, nikakuta mukono juu ya kinywa na pua. Mukono baridi, laini, ngozi inabanduka, kama muhogo uliolala ndani ya maji siku nyingi. Niamini, sikuita Mungu wala muntu. Niliuma. Niliuma ule mukono na meno yote, mpaka ukaachia. Ramazani akavuta pumzi, akapiga kelele pori nzima ikasikia. Na kando yangu hakukuwa tena muntu. Kelele ile, je, ilileta bunduki? Haikuleta hata moja.

Asubuhi mama mumoja muzee akanivuta pembeni. Akaniambia, kabla yetu kulikuwa wengine pale pale, na kati yao mama na mutoto wake muchanga. Walimusonga: nyamazisha, nyamazisha. Akamunyamazisha. Kulipokucha akamubeba, akaingia naye ndani ya maji pale wanapoloweka muhogo. Hakutoka.

"Na waliomusonga?" nikamuuliza.

"Wako. Si hawa hapa tunalala nao?"

Nikageuka kuwatazama wale wanaume, mumoja mumoja, kwa mwanga wa jua. Wote wakaangalia chini.

Miaka ikapita. Ramazani sasa ni mwanaume, iko Kampene anachimba dhahabu, na mimi ninakaa hapa Kindu, upande wa Kasuku, na muke wake Feza na mutoto wao Mangaza. Mangaza naye akaanza kuota meno. Kulala hapana. Jirani wetu anagonga ukuta: "Nyamazisheni huyo mutoto, wantu wana kazi kesho!" Feza akanunua siro, dawa ya maji ya kikohozi, kijiko kimoja, mutoto alale. Kikohozi kiko wapi? Nilimwaga yote nje na nikamutukana vizuri.

Usiku ule ule umeme haukuwako, kama kawaida. Jirani akagonga ukuta tena. Feza alikuwa anazunguka na mutoto mugongoni, wanalia wote wawili. Nikasikia sauti inatoka barazani: "Dada, lete, nikusaidie. Wewe upumuzike."

Ulimi wangu njo ulijua wa kwanza. Kinywa kikajaa ile ladha ya mukono niliouma porini.

"Karibu, mama, Mungu akubariki," Feza akasema, mukono tayari kwenye mulango. "Ni jirani wa nyuma, Mama."

"Umeona sura yake?"

"Mama, tafazali! Nimechoka!"

"Choka umeketi. Toka hapo."

Nikachukua koleo, nikatoa kaa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikafungua mulango kidogo, nikalinyoosha nje. "Puliza. Puliza, nakuambia!" Nilisikia maji yanatona kwenye simenti. Harufu ya muhogo uliooza ikaingia nyumba nzima. Kaa lilibaki vile vile, halikuongeza hata cheche. Feza akarudi nyuma mpaka ukutani, na Mangaza akalia kupita mwanzo.

Unafikiri niliogopa? Hasira haikuniachia nafasi.

"Sikia, dada," nikamuambia. "Si wewe uliyeua. Wao njo waliua, kwa mukono wako. Mimi niliwaona sura. Lakini huyu hapa ni wangu, na atalia. Atalia mpaka asubuhi, na yule wa ukuta akitaka kufunga kinywa, aje afunge changu!"

Alisimama pale, anasikiliza mutoto analia, muda murefu, kama muntu anayesikia habari za kwao. Kisha ile nguo ikakokota tena, ikashuka upande wa muto.

Tangu kule porini ugali wa muhogo haupiti kooni mwangu. Ninakula wali tu. Feza hacheki tena. Kila jioni anafunika kaa moja kwenye majivu kabla sijamukumbusha.

Sasa wewe unayesoma. Mutoto akikosa usingizi, mubebe, musugue ufizi na kidole kisafi, tembea naye, imba, na ukichoka lia naye. Siro acha. Na asiyepuliza moto, hata akikuita dada, usimufungulie. Na wewe wa kugonga ukuta, sikia vizuri: mutoto anayelia iko anapumua. Ukitaka kimya sana, vuka Lualaba, nenda pale wanapoloweka muhogo. Kimya kiko kule, kinakungoja.